Kavira na Tablete ya Mapicha

Butembo, siku ya Mungu, kisha misa

Kwako Kambale, bwana yangu, Baba Kavira,

Amani ya Bwana ikukute mu nyumba. Na kama barua hii inakukuta ku shamba, kaa kwanza ku mupaka ya birayi, viazi vyetu, pangusa mikono, ndipo usome. Wavukire, nakusalimia sawa kwetu. Mama yako anaamukaje? Ile goti yake inamuacha analala? Na kifua yako? Baridi ya kwetu Luofu naijua, na koti yako najua iko namna gani, juu ni mimi nilitia kiraka ku mugongo.

Sisi huku tuko buzima. Mama mudogo wangu Kanyere bado iko na ugonjwa yake ya sukari, mais haimuzuie kutembea wala kugombana na batu ba soko. Atelier yake ya kushona inaenda muzuri, siku hizi tunashona nguo za maliputa ya ndoa paka vidole vinauma. Kavira ameongeza mwili. Meno ya mbele zimeanza kutoka, anacheka na mapengo sawa muzee.

Barua yako ilinifikia. Muchauffeur wa camion, ile lori ya birayi, aliileta paka ku mulango ya atelier. Uliandika kama jamaa ilikaa, ikaamua nirudi na mutoto mbele ya musimu ya kupanda. Uliandika tena maneno ya mama yako: «Mashini hailee mutoto. Kama huko Butembo banamupa simu achezee, hata hapa simu iko.» Na kiisha uliandika juu ya ile mama wa chumba ya maombi, mwenye anasema atakaa na Kavira kwake, amunyime chakula na mayi, paka pepo ichoke itoke.

Sikukasirika. Ao tuseme nilikasirika, nikashona rinda muzima bila kuinua kichwa, na rinda ilipoisha hasira nayo ikaisha. Donc nakujibu polepole. Nataka ujue kila kitu yenye ilipita, sawa ungekuwa hapa.

Unakumbuka ginsi tulishuka huku. Mwalimu wa maternelle, masomo ya batoto badogo, alikuwa amechoka naye: akiitwa hageuke, hasemi, anazunguka paka anaanguka, maharagi ya kuchagua anaipanga mustari murefu, na ukigusa moja tu, nyumba yote inajua. Munganga wa hapa alikaa naye chini, akamuangalia muda murefu, akatupa jina: autisme. Akasema hapana laana, hapana pepo, hapana kosa ya mama wala ya baba. Ni ginsi kichwa yake inapokea dunia. Sauti inamuingilia na nguvu, uso za batu zinamuchosha. Akatutuma ku nyumba moja ndogo nyuma ya parokia, kwenye mwalimu Kahindo anafundisha batoto ba namna ile. Kahindo ni musichana, mimi ni mukubwa kwake. Ni mwembamba, anasema polepole, mais akicheka banamusikia paka ku barabara.

Ile tablete yenye munaongea juu yake, ni kama simu, mais pana kama sahani. Inakula moto ya jua, panneau ya kukamata jua iko juu ya mabati. Ndani muko michezo ya batoto. Picha ya mbuzi inatokea, chini yake picha zingine, na mutoto anatafuta yenye inafanana nayo. Akipata, ngoma inalia kidogo. Akikosa, hakuna mutu wa kumukaripia. Inangojea tu. Nafikiri ni kitu ile Kavira alipenda: mashini haichoke, haikunje uso. Wewe unajua mutoto wetu hakukaa hata muda wa kumeza mukate. Siku ya kwanza alikaa. Nilisimama ku mulango nikifunga mikono, machozi yanataka kunitoka.

Mais furaha yangu haikukawia. Kahindo alisema «imeisha», akanyoosha mukono achukue ile kitu, na Kavira akamuuma. Akamuuma sana! Kiisha akalia toka pale paka ku soko, akajitupa mu vumbi, nguo ikapanda paka ku kifua. Batu ba chukudu, zile baiskeli za mbao, balisimamisha mizigo yao juu ya kutuangalia. Mama mumoja muuza mboga ya lenga-lenga akapaza sauti: «Mama, peleka huyo ku maombi mbele akufie ku mikono!» Nilimubeba sawa mufuko ya birayi. Nilipofika, nilimwambia mama mudogo: «Mama ya Kambale alisema kweli. Ile kitu inaharibu mutoto.»

Kesho yake nilienda kumuaga Kahindo. Sikubeba hata chakula ya Kavira, juu nilijua hatukai.

«Mwalimu, aksanti kwa yote. Mais ile mashini nimeiacha.»

Alinionyesha mukono yake, alama za meno ziko wazi, na akacheka. «Aliniuma juu sikumuonyesha mbele kama mwisho inakuja. Ile ni kosa yangu, si yake. Mutoto wako hapendi kitu ikatike gafula. Na wewe, Mama Kavira, jana ulikaa wapi?»

«Ku mulango. Nilikuwa naangalia.»

«Leo kaa hapa.» Akapiga mukono ku mukeka, pembeni ya Kavira. «Mashini peke yake itamufanya anyamaze. Ni kunyamaza unatafuta?»

«Hapana,» nikasema. «Natafuta aniite.»

«Basi kaa hapa.»

Nikakaa. Na toka siku ile, Baba Kavira, tablete haijachezwa na mutoto peke yake. Mwambie mama yako neno hii kwanza, juu alisema kweli: mashini hailee mutoto. Kahindo mwenyewe anasema vile vile. Mimi niko pale, goti yangu na goti yake zinagusana. Mbele ya kumaliza, tunafungua picha ya muchanga yenye inashuka polepole mu chupa. Muchanga ikiisha, nasema «imeisha», natia kikombe yake ya mayi mu mukono, anakunywa, mashini inalala. Mwanzoni alilia. Kiisha alilia kidogo. Sasa ni yeye anaifunika na kitambaa.

Mara ya pili Kahindo alitupa muchezo ya zamu: mimi nafinya, mupira inaruka, yeye anafinya, mupira inarudi. Kwa siku mingi alikuwa anasukuma mukono yangu. Anataka zamu zote ziwe zake. Nilivumilia, nikisema «yako», kiisha «yangu», sawa mutu wazimu, «yako, yangu, yako, yangu», paka bana-atelier balianza kuniita hivyo. Asubui moja alifinya, mupira ikaruka, na akabaki anangojea. Mimi nilikuwa nafikiri juu ya mikono ya rinda ya bibi arusi, sikuona. Akashika kidole yangu, hii ya kusukuma sindano, akaipeleka yeye mwenyewe juu ya kioo. Kambale, toka amezaliwa mutoto huyu alikuwa anashika mukono yangu juu ya kufungua mulango ao kufikia mukate. Hakunishika hata siku moja juu ya kutaka mimi niwe pale. Nilifinya. Mupira ikarudi. Akacheka na mapengo yake.

Kulikuwa shida ingine. Ile michezo ilitoka mbali. Sauti ilikuwa ya mama mumoja wa Ulaya, anasema Kifaransa ya puani, na mapicha yalikuwa ya viatu vya theluji na train ya reli. Kavira alijua kuonyesha train vizuri kabisa, mais bugali hakujua. Kahindo akasema mashini inakubali mapicha yetu na sauti zetu. Donc tukatembea nayo. Tulipiga picha ya kikombe yake, ya sahani ya bugali na majani ya sombe, ya chukudu, ya kuku ya jirani, ya birayi yenye ulitutumia, bado na udongo. Mimi niliingiza maneno. Mara ya kwanza nilisikia haya kusikia sauti yangu inatoka mule, inafanana na ya mama yangu marehemu. Kavira aliposikia, aliweka sikio ku mashini, kiisha akaweka sikio ku kinywa yangu. Anapima kama ni mutu mumoja.

Sasa nafika ku kitu yenye nilitaka kukuambia kuliko zote.

Siku moja kisha chakula ya muchana, Kavira alianza kupiga kichwa ku ukuta. Unaijua ile kilio. Ni ile ya Luofu, yenye ilikuwa inamushika bila mutu kumugusa, na jirani banasema: pepo imemupanda. Mama mudogo alikimbia kuchukua rozari na mayi ya baraka. Mimi nilikuwa na tablete, juu Kahindo alikuwa ametuacha twende nayo. Mule muko picha ya mutoto musichana amesimama. Ukifinya tumbo, inasema «tumbo». Ukifinya jino, inasema «jino». Tulikuwa tumecheza nayo sana. Mimi najifanya naumwa, «aï, muguu!», na yeye anafinya muguu, tunacheka. Nilimushika kichwa isigonge, nikaweka ile picha mbele yake.

«Kavira, wapi inauma?»

Akaitupa. Nikaiokota, nikauliza tena, na sauti ya chini. Akafinya sikio. Akafinya tena sikio. Kiisha akachukua mukono yangu yote, akaifunika juu ya sikio yake ya kushoto, na akaacha pale.

Tulipanda pikipiki, tukaenda ku dispensaire. Infirmière, muuguzi wa pale, aliuliza: «Nani amesema ni sikio?»

«Yeye.»

«Si umeniambia hasemi?»

«Hasemi na kinywa,» nikajibu.

Aliangalia na taa yake, akaomba tumushike vizuri. Alitoa mbegu ya maharagi. Ilikuwa imevimba, nyeusi, inanuka, na usaha nyuma yake. Infirmière alisema haikuingia jana. Balimupa dawa ya matone na dawa ya kunywa, na sikio ikapona. Kuanzia pale, ile kilio ya kugonga kichwa haijarudi. Ya kulia analia, juu ni mutoto, juu kelele za pikipiki zinamuchosha, juu siku zingine mimi nakataa kumupa sukari. Mais ile ingine imeisha. Sasa wewe na jamaa mufikiri: ile mama wa chumba ya maombi angemunyima mutoto chakula muda gani juu ya mbegu ya maharagi?

Hapana sema namudharau Mungu. Jioni ile nilipiga magoti nikashukuru kuliko siku ya ndoa yetu. Na mama mudogo alisema tuombe kwa nguvu vile vile, mais tuombe tukiwa tumesha kuangalia mu sikio.

Sikudanganyi kama Kavira amekuwa sawa batoto ba jirani. Hasemi bado. Anasema «ma», na siku zingine «mayi», na ni yote. Batu bakijaa mu nyumba anaingia chini ya meza ya kushonea. Chakula yenye muchuzi hakubali, anataka birayi kavu, na birayi ya Luofu anaijua, ya ingine anarudisha. Siku mvua inapiga na moto ya jua hakuna, tablete inakufa. Hapo ndipo niliona akili ya Kahindo: mapicha yote yenye muko ndani, tuliyachora tena ku karton, tukayakata. Sasa Kavira analeta karton ya mayi akitaka mayi, analeta ya chukudu akitaka kutoka. Analeta ya kulala kama mugeni amekawia sana! Pasteur mumoja, rafiki ya mama mudogo, alipewa hiyo karton mara mbili, akaelewa.

Habari ingine ni ya Beni. Kahindo aliitwa kule juu ya kuonyesha wazazi bengine, na akaniomba nimusindikize. «Mimi nitasema ya mwalimu,» alisema, «wewe utasema ya mama.» Barabara ilikuwa na amani siku ile, tulifika salama. Wazazi balikaa ku mabenchi, batoto bao kila mumoja na kelele yake, na mimi nikasikia niko kwetu. Pale alikuwa baba mumoja, Muislamu, mutransporteur mwenye anabeba kakao toka Mangina. Alimubeba mutoto wake wa kiume ku bega, hakutaka kukaa. Akasema: «Mama, mutoto wangu hapana mupumbavu wa kupewa muchezo.»

«Hata wangu hapana mupumbavu,» nikamujibu. «Anapenda kitu gani?»

Akafikiri. «Gari. Anashinda anazungusha magurudumu.»

Tukatoka, nikapiga picha ya camion yake, nikamuomba aseme jina. Akaona haya, akasema «camion ya baba». Tukaweka ile picha kati ya zingine. Mutoto aliangalia, akafinya, sauti ya baba yake ikatoka. Akafinya tena. Ile baba aligeuka ku ukuta, akapangusa uso na kofia yake. Kiisha akaniuliza, polepole: «Bibi yangu, mama ya mutoto huyu, hatoki tena mu nyumba, batu banamusema. Utarudi uongee naye?»

Nikasema nitarudi. Na nitarudi.

Donc hii ndiyo jibu yangu, Baba Kavira, na nakuomba uisome mbele ya jamaa bila kupunguza. Sirudi na mutoto mbele ya kupanda. Sikukimbia ndoa, kila mutu mwenye anasema vile ajue kama jina yako iko mu kinywa yangu asubui na jioni. Kahindo amenipa kazi ya kukaa na bamama bapya, siku zingine hapa, siku zingine Beni, na siku zingine zote niko ku mashini ya kushona. Kavira anajifunza, na kama nikimutoa sasa, atapoteza yenye amepata. Ku chumba ya maombi haendi. Neno ile sitaibadilisha, hata bakija bazee bote ba Luofu. Kupanda, omba vijana ba ndugu yako bakusaidie. Mwaka huu mikono yangu iko huku, na iko inapanda.

Na mama yako, hapana musomee hii na sauti ya hasira. Yeye ndiye alimubeba Kavira ku mugongo wakati mimi nilikuwa sina tena nguvu, na yeye ndiye alijua wa kwanza kama mutoto anatulia akifungwa na kitambaa ya liputa nguvu-nguvu. Nilimwambia Kahindo, naye akaandika, sasa banafanya vile na batoto bengine. Mwambie mimi mukazana wake, bibi ya mwana wake, namusalimia na heshima, na yeye, koko wa Kavira, ni mwalimu bila kujua.

Unisalimie kaka yako mukubwa Paluku, mwenye alisimamia mukutano ya jamaa; mwambie sina neno naye, alifanya kazi ya mukubwa. Salimia dada yako Katungu, muuza vitunguu vya poireaux wa Alimbongo, na umuambie rinda yake iko tayari, inabaki vifungo. Salimia muzee katekista mwenye alitufungisha ndoa, na jirani wetu mama wa mapacha, mwenye alikuwa ananifungulia mulango Kavira akilia.

Nilikuwa naandika hii salamu ya mama wa mapacha wakati Kavira alitoka chini ya meza na tablete. Mule kuko ukurasa ya jamaa: niko mimi, iko mama mudogo, na uko wewe, ile picha ya ubatizo yenye umevaa koti. Kuko na ukurasa ya kazi: kula, kulala, kutoka, kuja. Sikumwambia kitu. Sikuwa hata namuangalia. Akafinya wewe. «Baba.» Akageuza ukurasa, akatafuta na kidole, akafinya. «Kuja.» Kiisha akaangalia mulango. Alifanya tena, «Baba, kuja», na tena akaangalia mulango, na sasa iko amekaa pale mbele yake, miguu imenyooka, anangojea.

Ile sauti ilikuwa yangu, Kambale, juu maneno yote mimi ndiye niliyaingiza. Hapana ikudanganye. Mwenye amekuita ni yeye.

Bibi yako mwenye kukupenda,
Masika, Mama Kavira